Daraja au Dirisha? Hifadhidata na Kiolesura Chake cha Wavuti
Mteja alipapo kwa M-Pesa katika duka la Makongeni, Thika, malipo yake yanaweza kuingia katika hifadhidata ya duka pasipo mtu kuyanakili. Kiolesura kinachowezesha jambo hili Safaricom ilikizindua mwaka 2017 kwa jina Daraja. Chenyewe hupeleka taarifa za malipo hadi anwani ya wavuti ya duka, ambako programu ya duka huzipokea.

Hifadhidata ya kimahusiano, dhana aliyoiasisi Edgar Codd mwaka 1970, ni majedwali yanayounganishwa kwa thamani zinazolingana: nambari ya mteja katika jedwali la wateja hujitokeza tena katika jedwali la malipo. Anayeingia humo moja kwa moja aweza kusoma deni la kila jirani, hata kulifuta. Kwa hiyo programu ya nje haikabidhiwi ufunguo. Hutuma ombi pamoja na kitambulisho. Programu ya kati hukagua ruhusa, hutunga swali la SQL, kisha hurudisha kilichoombwa pekee.

Inafurahisha kuona jina la Kiswahili katika uwanja uliosheheni Kiingereza. Hata hivyo, sitiari yenyewe inapotosha kidogo. Daraja huvusha wapitao. Hapa hakuna avukaye. Kifaacho zaidi ni dirisha la masjala: mwombaji husimama nje, karani huyaendea majalada na kurudi na karatasi moja. Karani asipodai kitambulisho, mwombaji atabadilisha nambari tu na kuletewa jalada la mwingine, au ataandikisha malipo yasiyowahi kufanyika, na unga utoke dukani bure.