Njiwa mkubwa achinjwe au atotoe?

Juma hili tumtazame njiwa. Si tetere wa porini, bali njiwa wa kufugwa, yule anayelala kwenye debe au kisanduku cha mbao chini ya paa. Huko Bariadi, kama ilivyo Maswa na Meatu, anajitafutia mwenyewe punje za mtama na uwele, naye mwenyewe humkumbuka siku mgeni akibisha hodi. Kisha hulalamika kwamba njiwa wa siku hizi ni wadogo.

Udogo huo una kiasi chake. Njiwa wa kawaida aliyekomaa ana gramu 240 hadi 380 hivi, na urefu wa sentimita 30 hadi 37 toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Wamarekani wanao njiwa wa nyama waitwao King, ambao hukaribia kilo moja. Lakini huyo ni ndege wa kufungiwa na kulishwa. Kuruka kwake ni kwa taabu, na mwewe wa Simiyu angemshukuru sana.

Tena joto lina sheria yake. Njiwa hatoki jasho. Jua la saa saba likichoma, huachama mdomo na kutikisa koo, huku joto jingine likitokea miguuni na penye manyoya machache. Kipande kidogo cha ugali hupoa upesi kuliko bonge kubwa. Ndivyo na mwili mdogo wa njiwa. Kwa hiyo si kila udogo ni kasoro.

Kasoro ipo kwingine, nayo ni kisu chetu. Mgeni akija, tunakamata dume nene kuliko wote. Vile vidhaifu vinabaki kutotoa. Tukifanya hivyo mwaka hadi mwaka, tunakuwa tumechagua wazazi wadogo bila kujua. Charles Darwin, aliyefuga njiwa yeye mwenyewe, aliwaeleza kwa kirefu katika sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 1859, akionyesha jinsi mfugaji anavyobadili umbo la ndege kwa kuchagua tu.

Na hasara haiishii hapo. Njiwa huishi wawili wawili. Jike hutaga mayai mawili, nayo hulaliwa siku 18 hivi kwa zamu: dume mchana, jike usiku. Kinda likianguliwa, wazazi wote wawili hulilisha uji mweupe utokao kwenye gole. Ukimchinja dume katikati ya kazi hiyo, huenda umepoteza na mayai.

Basi pima kabla ya kuchinja. Mizani ya duka yenye mawe ya gramu 50 na 100 inatosha. Mtie njiwa kikapuni asubuhi kabla hajala, kisha toa uzito wa kikapu. Papasa kidari: mfupa ukichoma kama kisu, huyo ana njaa au mgonjwa, usimhukumu kwa uzito wa siku hiyo. Rangi isikudanganye, mweupe au wa kijivu, uzito hausomwi kwenye manyoya. Wazito wafunge uzi mguuni, usiobana, wabaki kuwa wazazi.

Wa kuuza na wa kitoweo ni makinda ya wiki nne. Wakati huo uzito wao umekaribia wa wazazi, na nyama yao ni laini zaidi.