Motokari ya Umeme ya Okazyo: Kwanza Uliza Hali ya Batri

Malori ya shaba na kobalti yanayotoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa umeyaona mara nyingi, na vumbi lake umelimeza. Zaidi ya sehemu 70 kwa 100 za kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika inchi yetu, na nyingi inaingia ndani ya batri. Basi siku moja kijana wako anarudi nyumbani na picha katika telefone: motokari ya umeme, ya okazyo, ya kutoka Japani. “Papa, angalia! Haiko na esansi, haiko na vidanje, na bei iko chini!” Baba anafikiria akiba yake ya miaka mingi. Mama anauliza neno moja tu: “Na ikiharibika, tutafanya namna gani?”

Swali la mama ndilo la maana. Ili tulijibu vizuri, tuchukue motokari moja inayojulikana, Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwezi wa Desemba 2010. Nyingi zilipozeeka huko Japani ziliuzwa kwa bei ndogo katika inchi zingine, kama vile New Zealand.

Tuseme kweli: mota yake haisumbui sana. Hakuna bujii, hakuna ambreyaje, hakuna bomba la moshi la kutoboka. Shida iko chini ya viti, katika batri kubwa.

Leaf ya kwanza ilikuwa na batri ya kilowati-saa 24. Haipozwi na maji wala na feni; inapoa yenyewe kwa upepo wa njiani, kama sufuria iliyotolewa motoni. Na joto ndilo adui wa batri za namna hii. Mwaka 2012, wenye Leaf katika mji wa Phoenix, kule Arizona, Marekani, ambako joto linapita digri 40, walianza kulalamika kwamba motokari zao, ambazo hazikuwa na miaka miwili, haziendi tena mbali kama mwanzoni. Baadaye kiwanda kilibadilisha dawa ya ndani ya batri ili ivumilie joto zaidi. Motokari za 2015 na za nyuma yake ni afazali. (Tena usizani kila motokari ya umeme imebeba kobalti yetu. Batri ya ile Leaf ya kwanza ilitegemea zaidi manganezi, madini ya namna ile ya Kisenge.)

Sasa hesabu. Ikiwa mpya, Leaf ya 2011 ilipimwa Marekani kuwa inakwenda kilometa 117. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Umeona? Hata siku ilipotoka kiwandani isingekufikisha Likasi kwa uhakika. Mbele ya shofere kuna vistari 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya batri. Kikipotea cha kwanza, karibu sehemu 15 kwa 100 ya nguvu imekwenda; vinavyofuata, kila kimoja ni kama sehemu 6. Vikibaki 8, unabaki na kilometa 75 hivi. Kwa kwenda sokoni na kupeleka watoto masomoni inatosha. Kwa taksi ya kutwa nzima haitoshi, hata kidogo.

Lakini ukiona vistari 12 usishangilie upesi. Kuna wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya batri, na vistari vyote vinarudi, hata kama batri imechoka. Unalipa, unafurahi, kisha baada ya muda vinaanza kupotea kimoja kimoja. Ndiyo maana wanaojua kazi wanachomeka kifaa kidogo katika tundu la motokari na kusoma kwa telefone, kwa programu kama LeafSpy, hali ya kila seli.

Mbona kila seli? Ndani ya batri ile kuna seli 192, zimefungwa mbili mbili: jozi 96 zinazofuatana kama watu wanaoshikana mikono. Jozi moja ikilegea, motokari yote inasimama mapema, hata kama zingine 95 ziko na nguvu. Hapa kuna habari njema kidogo. Mwaka 2014 batri nzima mpya iliuzwa Marekani kwa dolari 5,499, tena ukirudisha ile ya zamani. Bei hiyo inaweza kupita bei ya motokari yenyewe ya okazyo. Lakini seli zimepangwa katika masanduku madogo 48, na fundi anayejua anaweza kutoa lile bovu na kuweka lingine lenye nguvu sawa.

Nasema anayejua! Batri hii ina volti karibu 360. Si kama ile ya lori unayoishika kwa mikono. Nyaya zake nene zina rangi ya machungwa, na hiyo rangi inasema: usiguse. Kuna kizibo cha kukata umeme ambacho lazima kitolewe kwanza, kisha kungojea dakika kumi, na glavu za mpira za kazi ya umeme. Fundi wa mtaani mwenye bisibisi tu, umkataze, hata kama ni shemeji yako.

Mengine ni madogo. Kuna batri ya pili, ya volti 12, kama ya motokari yoyote; ikifa, motokari haiwaki hata kama ile kubwa imejaa, na watu wengi wamelia bure wakizani batri kubwa imekufa. Mipira inaisha upesi, kwa sababu batri inaongeza uzito. Na prizi ya nyumbani iliyolegea itaungua, maana kuchaji ni saa nyingi, si dakika. Kwa mtaa wenye delestaje kila usiku, pigeni hesabu hiyo nyumbani kabla ya kupiga simu kwa muuzaji.

Na kama motokari imekwisha kufika mjini, mwambie: “Kubwa, uijaze kabisa, tuendeshe pamoja kilometa 40, kisha tuhesabu kilichobaki.” Akisema hana wakati, rudi nyumbani na franga zako.