Unataka chensoo ya kukatia kuni? Soma hii kabla hujaenda Kariakoo

Leo ni zamu ya watu wa kuni na watu wa kukata miti majumbani.

Ukishuka Feri, upande wa wakaangaji wa samaki, unakutana na makarai ya mafuta, moshi na marundo ya kuni. Samaki wakiwepo, kuni lazima ziwepo. Na wale kina mama na vijana wanaokaanga wanajua wanachotaka: kuni ngumu, kavu, iliyokatwa saizi ya kuingia jikoni bila kutokeza nje. Ukipeleka magogo marefu utaambiwa ushushe bei au urudi nayo. Hapo ndipo muuza kuni anaanza kuwaza: kwa nini nimlipe mwenye mashine kila siku, si ninunue yangu?

Wazo si baya. Shida ni kwamba wengi wanapiga hesabu ya bei ya dukani tu. Chensoo inaendelea kula hela baada ya kununuliwa: petroli, oili ya kuchanganya, oili ya cheni, cheni yenyewe, tupa, fundi. Mtu amechukua mkopo wa kikoba, miezi mitatu baadaye injini imenoki, mashine iko chini ya kitanda na marejesho yako palepale.

Kwa hiyo anza na daftari. Tuchukulie unamlipa mwenye mashine 30,000 kwa siku, na yeye ndiye anayeweka mafuta. Ukiwa na yako, tuseme mafuta, oili na kulika kwa cheni ni 12,000 kwa siku. Umeokoa 18,000. Mashine ya 600,000 ukiitumia siku 4 kwa mwezi inarudisha hela yake baada ya miezi 8 na ushee, na hapo haijaharibika hata mara moja. Ukiitumia siku 12 kwa mwezi, haifiki miezi mitatu. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Kama siku zako ni chache, endelea kukodi wala usione aibu.

Kuna jambo la pili la kuweka kwenye hesabu. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kuni hazitaisha kesho, ila ukikopa mkopo mrefu kwa kutegemea kuni peke yake unajibana. Mimi ningenunua mashine inayoweza na kazi ya pili: kukata miti kwenye nyumba za watu. Masika yakikaribia, kila mwenye mwembe unaoegemea bati anatafuta fundi. Anakulipa kuukata, na mara nyingi anakuomba uondoe na magogo yake. Umelipwa mara ya kwanza Kinondoni, ukilipwa mara ya pili Feri.

Kwa kazi hizo mbili huhitaji mashine kubwa. Wengi wanaipenda Stihl 070 kwa sababu ndiyo waliyoiona kwa wapasua mbao, injini yake inapita cc 100. Ile ni ya magogo makubwa ya msituni. Ukipanda nayo juu ya mwarobaini wa uani utachoka kabla ya saa nne, na mafuta inakunywa. Kwa kuni na miti ya mjini, injini ya cc 45 hadi 60 yenye ubapa wa inchi 16 hadi 20 inatosha. (Ubapa ni kile chuma kirefu ambacho cheni inakizunguka.) Usidanganyike na ubapa mrefu kwenye injini ndogo, unaibebesha mzigo isiouweza.

Sasa duka. Kariakoo utaambiwa, "Kaka, hii ni Mjerumani orijino." Rangi ya chungwa na nyeupe mtu yeyote anaweza kuipaka. Stihl halisi ina namba ya mashine iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, siyo stika tu. Bei ikiwa nusu ya ile ya wakala, umeshapata jibu. Ila nisieleweke vibaya: mashine ya Kichina isiyojificha, yenye jina lake yenyewe, inaweza kukulipa vizuri. Kinachouma ni kulipa bei ya Mjerumani ukapewa nakala. Kabla ya kutoa hela muulize muuzaji maswali mawili: cheni yake inapatikana duka gani, na pistoni na silinda je? Akianza kuzunguka, nenda duka la pili. Na mwambie aiwashe mbele yako, iachie mafuta, uone kama cheni inasimama. Ikiendelea kuzunguka wakati mashine iko sailensa, kuna kitu hakiko sawa.

Injini nyingi zinakufa kwenye kuchanganya mafuta, na watu wa Feri wana mtego wao hapa. Mabaharia wa boti za injini nao wanachanganya petroli na oili, basi muuza kuni anaomba kidogo kwa rafiki yake wa boti, anamimina kwenye chensoo, siku inaenda. Usifanye hivyo. Oili za boti kwa kawaida zimetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Chensoo inapozwa na upepo tu, na inazunguka kwa kasi kubwa, kwa hiyo joto lake ni jingine kabisa. Tafuta oili ya tu-stroki ya mashine zinazopozwa na hewa. Kwenye kopo angalia herufi JASO FC au FD.

Kipimo fuata kitabu cha mashine yako. Stihl na Husqvarna wanasema 1 kwa 50 ukitumia oili yao, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili. Mashine nyingi za Kichina zimeandikwa 1 kwa 25: lita 5 kwa mililita 200. Usikadirie kwa kifuniko cha soda. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, hilo ndilo kipimo chako. Ukipunguza oili ili ubane matumizi, pistoni inakwaruzana na silinda, na hapo bei ya ukarabati inakaribia bei ya mashine. Ukizidisha sana, moshi unakuwa mwingi na plagi inachafuka. Changanya ya siku chache tu. Iliyokaa zaidi ya mwezi itumie kwa kitu kingine.

Oili ya cheni nayo ina kesi. Wengi wanaweka oili chafu iliyotolewa kwenye magari kwa sababu karibu ni bure. Ile imejaa vumbi la chuma. Inakula pampu, inakula ubapa, na mikono yako iko humohumo. Bora oili mpya ya bei ya chini. Kujua kama inafika kwenye cheni, elekeza ncha ya ubapa kwenye boksi jeupe, vuta mafuta sekunde chache. Uone mstari wa oili umejichora. Hakuna mstari, usikate.

Cheni butu utaijua kwa unachokitoa kwenye mti. Cheni kali inatoa chenga. Ikianza kutoa unga, na wewe umeanza kuikandamiza, simama uinoe. Kila cheni na tupa yake ya duara: cheni ya 3/8 inataka tupa ya milimita 5.2, ya .325 inataka 4.8, na ile nyembamba ya 3/8 ya mashine ndogo inataka 4. Cheni ya kukata kuni inolewe kwa pembe ya digrii 30, kila jino mapigo sawa. Mapigo mawili matatu kila ukijaza tenki yanatosha. Anayengoja mpaka cheni igome analazimika kuila nusu nzima kwa tupa.

Kata gogo likiwa bichi, halafu lipange likauke. Gogo gumu lililokauka ndilo linalomaliza cheni. Na miti ya mjini kagua shina kwanza: mwarobaini wa barabarani umebeba misumari ya mabango ya waganga na mafundi friji wa miaka kumi. Msumari mmoja unang'oa meno ya cheni mpya.

Usikate kwa kona ya juu ya ncha ya ubapa. Hapo ndipo mashine inapiga teke kuja usoni, haraka kuliko unavyoweza kukwepa. Breki ya cheni ijaribu kila asubuhi. Ndala hapana. Na waya wa umeme ukipita kwenye matawi, TANESCO wazime kwanza, hata mteja akikuambia ana haraka.

Karatasi: mti wa barabarani au wa eneo la umma hauuguswi kwa maneno ya mdomo, anzia serikali ya mtaa. Kuni za kutoka mashambani na misituni ni mambo ya Sheria ya Misitu ya 2002, kwa hiyo pita ofisi ya TFS uulize kuhusu usajili wa msumeno, kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia. Mikoko usiiguse, misitu yote ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi, na mzigo ukikamatwa unaondoka na gari.

Jioni ukimaliza, legeza cheni, maana ilikuwa ya moto na ikipoa inajikaza. Geuza ubapa juu chini kila unapobadilisha cheni, ili ulike pande zote. Piga filta ya hewa kwa brashi. Na lile dumu la petroli uliyochanganya usiliache kwenye rundo la kuni pale Feri ukienda kudai hela yako: makarai yako hatua chache tu, na yule dada anayekaanga hajui kuna nini ndani ya dumu.