Faini ya kamera ya kasi: Piga hesabu kabla ya kukiri

MFANYABIASHARA aliyebeba nyanya kuelekea Nairobi hushawishika kukiri kosa la kasi hata akiwa na shaka, kwa kuwa mzigo haumngoji hakimu. Lakini nchini Kenya, aliyekiri hawezi kukata rufaa kupinga hatia yenyewe. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai humruhusu kupinga kiwango au uhalali wa adhabu pekee.

Mijini na katika vituo vya biashara, Sheria ya Trafiki (Sura ya 403) inaruhusu kilomita 50 kwa saa. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliweka onyo kwa anayezidisha kilomita 1 hadi 5. Kilomita 6 hadi 10 ni Sh500, 11 hadi 15 ni Sh3,000, na 16 hadi 20 ni Sh10,000. Hivyo, kati ya 15 na 16, kilomita moja inagharimu Sh7,000. Hapo ndipo usahihi wa kamera unapokuwa na maana.

Kifungu cha 43 kinasema maoni ya shahidi mmoja pekee kuwa gari lilikwenda kasi hayatoshi kumtia mtu hatiani. Kwa hiyo kamera ndiyo uti wa mgongo wa kesi. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kuona ushahidi mapema, na mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya korti.

Maswali ya kuuliza ni mepesi. Je, picha inaonyesha nambari ya gari, saa na mahali? Kamera ilipimwa lini? Aliyeitumia alifunzwa? Mwenye lori alete pia rekodi ya kidhibiti mwendo.

Kisha hesabu. Chukulia kesi itakula siku mbili, na kila siku gari huingiza Sh4,000. Hasara ni Sh8,000. Kupinga faini ya Sh500 au Sh3,000 hakulipi. Hata ya Sh10,000, anayeshinda huokoa Sh2,000 tu, na anayeshindwa hupoteza vyote.

Kwa hivyo, aliyekosa kweli na alipe, mzigo ufike sokoni. Mwenye ushahidi thabiti na akane, aombe dhamana, auze nyanya kwanza, kisha arudi kortini siku aliyopangiwa.