KENGELE YA WEZI ISIYO NA WAYA: NAMNA YA KUITUMIA WAKATI WA KARAFUU

Wanachama wenzetu,

Msimu wa kuchuma unakaribia, na kama ilivyo desturi yetu twaandika mapema juu ya jambo linalohusu mavuno. Mara nyingi huwa ni habari za kuanika, au za majamvi, au za kuchambua makonyo. Safari hii twataka kusema juu ya kengele za wezi zisizo na waya, kwa kuwa wanachama wengi wametuuliza kama zafaa kununuliwa, na wengine wamekwisha nunua wakatueleza yaliyowapata.

Sababu ya watu kuzitafuta haijifichi. Karafuu mbichi ikisha kuanikwa ikakauka sawasawa, uzito wake hubaki yapata thuluthi moja tu. Basi katika gunia moja kavu mna kazi ya watu wengi na siku nyingi za jua. Mna ada za skuli, mna mabati ya nyumba, mna deni la wachumaji ambalo halijalipwa. Na gunia hilo halina jina la mwenyewe. Likisha vuka mlango, karafuu ya mtu huyu haitambulikani na ya mtu yule.

Kwa hiyo twaona kengele ni jambo jema. Lakini kabla ya lolote twaomba kila mwanachama ashike neno moja: kengele haimkamati mwizi wala haifungi mlango. Kazi yake ni kuita watu. Ikiwa haikulia, au imelia na hapana aliyekuja, fedha uliyoinunulia imepotea, na pengine mavuno pia.

INAVYOFANYA KAZI

Kengele za umeme za kuzuia wizi si jambo geni duniani. Bwana Augustus Russell Pope wa Massachusetts, Marekani, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1853. Yake ilikuwa ya waya: mlango ukifunguliwa, umeme hupita, kengele hulia. Hizi ziuzwazo madukani siku hizi nyingi hazina waya, na zina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni vihisi. Kihisi cha mlangoni ni vipande viwili, kimoja kina sumaku. Mlango ukifunguliwa vipande huachana, na kihisi hutoa habari. Kihisi cha chumbani huona joto la mwili linalopita mbele yake. Sehemu ya pili ni mtambo wenyewe, ukaao ndani ya nyumba, wenye king'ora, na mara nyingi wenye laini ya simu ili umpigie mwenye nyumba. Sehemu ya tatu ni rimoti au kibao cha namba cha kuwashia na kuzimia.

Sehemu hizi zote huzungumza hewani kama redio, kitu ambacho wazee wetu walikiita simu ya upepo. Nyingi hutumia mawimbi ya megahezi 433, ambayo hutumiwa pia na rimoti nyingi za magari na za mageti. Na hewa haina mwenyewe: anenaye hewani husikiwa na kila mwenye chombo cha kusikilizia. Hapa ndipo penye tofauti kubwa baina ya kengele ya waya na isiyo na waya, na ndipo yapasapo mnunuzi kuuliza maswali.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Swali la kwanza: je, rimoti hutoa namba ile ile kila mara, au namba inayobadilika? Katika kengele nyingi za bei ndogo namba haibadiliki. Mtu akiinasa mara moja kwa chombo chake wakati unapoizima, aweza kuirudisha hewani siku nyingine, na mtambo utadhani ni wewe. Jambo hili si la kubuni. Mwezi wa Februari 2016, huko Marekani, Bwana Andrew Zonenberg wa kampuni ya IOActive alieleza hadharani jinsi alivyonasa maneno yaliyotoka kwenye kibao cha namba cha kengele moja iliyokuwa ikiuzwa sana, akayarudisha hewani baadaye, na kengele ikazimika. Hakuhitaji hata kuijua namba ya siri. Kwa hiyo ukiweza, lipa zaidi kidogo upate yenye namba inayobadilika.

Swali la pili: je, mtambo hugundua kihisi kikinyamaza? Katika kengele duni, kihisi husema tu, wala hakijui kama kimesikiwa. Mtu akipiga kelele kwa chombo cha redio katika mawimbi yale yale, maneno ya kihisi humezwa, kama vile usivyoweza kumsikia mwenzio karibu na mashine ya kukoboa. Kengele bora huwa na desturi ya vihisi kuitikia kila baada ya muda, na kimoja kisipoitikia, mtambo hutoa habari.

Swali la tatu: je, ina betri ya akiba ndani, na hudumu saa ngapi umeme ukikatika? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali haya matatu, bora umwache utafute mwingine.

Wasiwe na hofu waliokwisha nunua zile za bei ndogo. Wezi wengi wa vijijini hawaji na vyombo vya redio. Huja na mtaimbo. Ila usiache kengele iwe kinga yako peke yake. Mlango imara, komeo la ndani na kufuli nzuri hutangulia, kengele hufuata.

MAHALI PA KUIWEKA

Usiuweke mtambo karibu na mlango wa mbele, ambapo mwizi akiingia huuona na kuung'oa mara moja. Uweke ndani zaidi, juu, mahali pasipo unyevu. Kuta nene za mawe hupunguza nguvu ya mawimbi, na mabati zaidi. Kwa hiyo uijaribu kengele siku ghala imejaa na milango imefungwa, wala si siku ya kununua nyumba ikiwa tupu.

Kihisi cha mlangoni kikiwekwa juu ya mlango wa chuma, chuma huweza kuivuruga sumaku. Weka kipande cha ubao baina yake na mlango.

Kihisi cha joto kina tabia zake. Huona tofauti baina ya joto la mwili na joto la mahali. Chini ya bati kavu saa nane za mchana, joto la chumba hukaribia joto la mtu, na kihisi huwa kizito kuona. Tena usikielekeze dirishani penye jua, wala penye pazia lipeperushwalo na upepo, wala penye njia ya paka na kuku. Mjusi akipita juu ya kioo chake huweza kuiliza kengele nzima. Mara moja kwa juma kipanguse vumbi na utando wa buibui.

Na king'ora kisiwekwe juu ya kitanda cha mtoto au cha mzee. Sauti yake kwa karibu huumiza masikio.

BETRI, UMEME NA LAINI YA SIMU

Kengele isiyo na waya huishi kwa betri. Andika kwenye daftari tarehe uliyotia betri ya kila kihisi, na uzibadilishe zote kabla ya msimu kuanza, usingoje zife. Chumvi ya bahari hula vyuma. Ukifungua kihisi ukaona ukungu wa kijani au mweupe, safisha kwa kitambaa kikavu.

Vihisi vingine na rimoti hutumia betri ndogo za mviringo mfano wa sarafu. Hizi ni hatari kubwa kwa watoto. Mtoto akimeza moja, huanza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili tu. Zifungieni, na kuukuu msizitupe uani. Mkishuku kuwa mtoto amemeza, msingoje dalili. Mpelekeni spitali saa ile ile.

Juu ya umeme hatuna haja ya kusema mengi. Wenzetu wa Unguja hawajasahau giza la mwezi mzima la mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Chomoa mtambo ukutani wakati wa usiku, uone kama utaendelea kufanya kazi mpaka asubuhi. Usipoweza, betri yake ya ndani imechoka.

Laini ya simu iliyo ndani ya mtambo pia yataka kutunzwa. Laini isiyo na salio haitapiga, na laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na kampuni. Iandikishwe kwa jina lako. Na tazameni namba mnazoweka. Tumeona mtambo uliowekwa namba ya kijana aliyeko Maskati peke yake. Kijana huyo aliamka usiku kwa simu, akawa hana la kufanya ila kutafuta namba za watu wa kijijini. Namba ya kwanza iwe ya mtu awezaye kufika kwa miguu.

NAMBA YA SIRI NA RIMOTI

Kengele hutoka kiwandani na namba kama 1234 au 0000, ambayo imeandikwa katika kitabu chake, na kila aliyenunua kama yako anaijua. Ibadilishe siku ile ile. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala usiiandike juu ya mtambo.

Wakati wa kuchuma watu wengi huingia na kutoka: wachumaji, wapimaji, wachukuzi. Wengi wao ni watu wema, na haifai kuwashuku bure. Lakini rimoti isining'inizwe ukutani pamoja na funguo. Ikipotea, ifute katika mtambo kabla hujalala. Msimu ukiisha, badilisha namba tena.

YALIYOMPATA MWENZETU

Sasa tuje kwenye lile neno letu la kwanza. Mwanachama mmoja aliweka kengele mwanzoni mwa msimu. Kihisi chake kilielekea dirisha la magharibi, na paka wa nyumba alikuwa akilala juu ya magunia. Kengele ikawa inalia alasiri na usiku. Siku za mwanzo majirani walikuja mbio na mienge. Juma la pili walitoka mpaka ukumbini tu. Juma la tatu hawakuamka. Usiku mlango ulipovunjwa kweli, kengele ililia kama kawaida, na mwenyewe alikuwa harusini kijiji cha pili. Alirudi alfajiri akakuta magunia manne hayapo. Majirani waliisikia, wakasema, "Ni yule paka."

Hatusemi haya kumcheka. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuyaandike, ili wengine wapate faida. Kihisi kile kingesogezwa tu hatua mbili, na paka akatolewa nje jioni, pengine karafuu zingekuwapo. Kila kilio cha uongo hula sehemu ya subira ya jirani, na subira hiyo ndiyo uliyoitegemea uliponunua kengele. Ikilia bure mara mbili, izime, utafute sababu, na uende mlango kwa mlango kuomba radhi.

IKILIA USIKU

Pataneni mapema, nyumba tano au sita, nani atatoka, nani atapiga simu, na wapi mtakutana. Mwambieni sheha wa shehia yenu mpango huo. Polisi hupatikana kwa namba 112. Washeni taa, piteni wengi pamoja, na pigeni kelele kutoka mbali ili aliyemo ndani apate njia ya kukimbia. Karafuu huota tena kila msimu, mtu haoti. Mtu akikamatwa asipigwe. Apelekwe kwa sheha na polisi, kwani ghadhabu ya usiku mmoja imewahi kuwatia watu wema gerezani, na imewahi kumwangukia asiye na kosa.

Pia twakataza kabisa ile hila ya kuunganisha waya wa umeme kwenye mlango au dirisha ili kumpiga mwizi. Umeme haujui mwizi wala mtoto. Na mlango ufungwao kwa ndani uwe na ufunguo mahali pajulikanapo na wote, ili moto ukizuka watu watoke.

Mwisho, kinga iliyo bora kuliko kengele yoyote ni kutolimbikiza. Karafuu iliyokauka sawasawa ipelekwe kituoni ZSTC upesi, wala isingoje ghala ijae. Gunia lililokwisha pimwa na kulipwa halihitaji king'ora. Na fedha yake pia isirudi chini ya godoro, maana hapo utakuwa umebadilisha gunia kwa bahasha, na bahasha ni nyepesi zaidi kubeba.

Mwanachama atakaye kusaidiwa kuijaribu kengele yake kabla ya msimu aje ofisini kwetu, au amwambie mjumbe wa tawi lake. Tutakwenda naye nyumbani, tutaiwasha, na tutawauliza majirani kama wameisikia.

Twawatakia jua zuri na mavuno mema.