Cheti cha Ukutani Hakitibu Ndigana

Ilikuwa saa moja asubuhi, kwenye boma moja la mteremko wa Mlima Meru, huko ambako ng'ombe wawili watatu wa maziwa hufugwa bandani katikati ya migomba. Ng'ombe alikuwa amelegeza masikio, anahema kwa shida, na tezi iliyo chini ya sikio imevimba kama limau. Nilikuwa nimemchoma sindano siku mbili kabla. Mama mwenye ng'ombe aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, dawa ya juzi ndiyo imeshindwa, au ng'ombe wangu ndiye aliyeshindwa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na stashahada ya afya ya mifugo na miaka sita kazini, na karibu kila homa ya ng'ombe niliikabili kwa antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, kama nilivyowaona wakubwa zangu wakifanya. Ng'ombe yule alikufa kesho yake. Miezi michache baadaye nilihudhuria mafunzo ya siku tatu, na siku ya kwanza tu nikaelewa kilichomuua. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe uenezwao na kupe, na mimi nilimpa dawa isiyoitibu.

Wafugaji wengi humwita "daktari" kila anayefika zizini na bomba la sindano. Kwa kweli anayefika mara nyingi ni mtu kama mimi, msaidizi wa mtaalamu wa afya ya wanyama. Uingereza wenzetu wa ngazi ya karibu na hii huitwa wauguzi wa wanyama, na wengi wao hufanya kazi kliniki, pembeni ya daktari. Kwetu bwana mifugo au bibi mifugo huenda peke yake kwa pikipiki, na daktari yuko mbali. Sheria ya Veterinari ya Tanzania ya mwaka 2003 inawatambua watu hawa chini ya Baraza la Veterinari: mwenye shahada ya udaktari husajiliwa, mwenye stashahada huandikishwa, mwenye astashahada huorodheshwa. Wengi wa makundi haya mawili ya mwisho wametoka kampasi za LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, kama Tengeru, Mpwapwa na Buhuri. Wakenya nao wana sheria yao ya mwaka 2011, na mtu asiyekusanya alama za mafunzo ya kila mwaka hupata shida kuhuisha leseni yake.

Chuo hukupa miaka miwili au mitatu, ilhali kazi ni ya miaka thelathini. Katikati hapo magonjwa mapya huingia, dawa hubadilika, na jambo lililofundishwa kuwa kweli hugundulika kuwa si kweli. Ndigana kali yenyewe ni ushahidi. Mwishoni mwa karne ya 19, Robert Koch, bingwa aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alichunguza damu ya ng'ombe Dar es Salaam akaona vimelea vidogo sana. Akadhani ni umbo changa la kimelea cha ugonjwa mwingine uenezwao na kupe. Ilibidi wengine warudie kazi ile, hadi mwaka 1904 daktari wa mifugo Arnold Theiler alipoonyesha kuwa ni ugonjwa wa peke yake. Ikiwa Koch alihitaji kusahihishwa, sioni kwa nini mimi nione aibu kurudi darasani.

Siku ile ya kwanza ya mafunzo hatukuanza na hotuba. Tulipelekwa zizini, tukamshika ng'ombe mwenye homa. Mkufunzi alibana tezi ya chini ya sikio kwa vidole viwili, akaingiza sindano, akaizungusha kidogo na kuichomoa. Kitone cha maji mazito kilichobaki ndani ya sindano akakipuliza juu ya kioo, akakitandaza, akakiacha kikauke, akakigandisha kwa methanoli, kisha akakitia rangi ya Giemsa. Tulingoja. Nilipoinama kwenye hadubini niliona chembe nyeupe za damu, na ndani yake vidoa vya buluu vilivyojikusanya kama punje za mtama. Vidoa hivyo huitwa miili ya Koch. Ukiviona kwa ng'ombe mwenye homa na tezi zilizovimba, huna haja ya kubahatisha tena.

Tiba ya ndigana kali ni buparvakwoni, na hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Kipimo chake ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya ng'ombe. Dawa yenye nguvu ya miligramu 50 kwa mililita maana yake ni mililita moja kwa kila kilo 20. Hapo ndipo penye mtego wa pili, baada ya ule wa kubahatisha ugonjwa. Mkufunzi alitutaka kila mmoja akadirie kwa macho uzito wa ng'ombe aliyesimama mbele yetu. Mimi nilisema kilo 200. Tulipomzungushia utepe wa kupimia uzito kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, ulisoma 300. Kwa makadirio yangu ningempa mililita 10 badala ya 15, yaani ningempunja theluthi nzima ya tiba. Mfugaji angesema dawa ni feki, duka la pembejeo lingelaumiwa, na mimi ningeondoka na sifa zangu. Zaidi ya hayo, dawa inayotolewa pungufu mara kwa mara huvipa vimelea nafasi ya kuizoea.

Somo la tatu ndilo lililonigeuza kabisa. Oksitetrasaiklini ile ile iliyoshindwa kumponya ng'ombe wa yule mama ndiyo inayotumika katika kinga ya ndigana. Katika kinga hiyo, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, ng'ombe mzima huchomwa vimelea hai vilivyotolewa kwa kupe, na papo hapo hupewa oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Dawa huvibana vimelea vikiwa bado vichache, mwili ukapata muda wa kuvijua na kujenga kinga. Ugonjwa ukishapamba moto, nafasi hiyo imepita. Chanjo hiyo hutunzwa ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa ina saa chache tu. Huwezi kujifunza kuitumia kwa kusoma karatasi ya kwenye boksi. Lazima ushikwe mkono.

Ndiyo maana huniuma ninapoona mafunzo yakigeuzwa kuwa mahudhurio. Watu wanasaini, wanakunywa soda, wanapokea posho, wanapewa cheti, na Jumatatu wanachoma sindano ile ile kwa kipimo kile kile. Posho si dhambi, maana mtu ameacha kazi na amelipa nauli. Ila thamani ya mafunzo huonekana zizini, kwa kile ambacho mkono unafanya tofauti.

Wauguzi wa wanyama Uingereza wanatakiwa kutimiza saa 15 za mafunzo kila mwaka, utaratibu ulioanza mwaka 2020. Sisemi tuige idadi ya saa. Ninachokipenda ni hatua zao nne: panga unachohitaji, jifunze, andika, kisha tafakari kimebadilisha nini katika kazi yako. Hatua hizo hazihitaji ukumbi wala mfadhili. Zinahitaji daftari la shilingi chache na moyo wa kukubali kosa. Wataalamu watano wa kata jirani wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja na ng'ombe mmoja aliyemshinda, wakamjadili mbele ya daktari wa wilaya. Halmashauri ikiongeza hadubini moja na rangi ya Giemsa, hilo tayari ni darasa.

Nawe mfugaji una nafasi yako. Anapokuja mtaalamu, muulize kama yuko kwenye orodha ya Baraza. Muulize dawa anayompa ng'ombe wako ni ya ugonjwa gani, na maziwa utayamwaga kwa siku ngapi. Mtaalamu anayejua kazi yake hatakasirika. Maswali yako ndiyo yatakayomrudisha kwenye vitabu.

Baada ya mafunzo nilirudi kwa yule mama, nikamweleza kuwa ng'ombe wake hakushindwa. Alinyamaza kidogo, kisha akanipeleka bandani kunionyesha mtamba wake. Nilitoa utepe, nikampima, nikaandika uzito kwenye daftari jipya. Mtamba yule yuko mstari wa pili. Mstari wa kwanza nilikuwa nimeshaandika ng'ombe aliyekufa: dawa niliyompa, dawa niliyopaswa kumpa, na tarehe.