Motokaa ya Fahari: Je, Ina Faida Nyumbani?

Wazee wa Pwani husema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Neno hili lawafaa sana mume na mke wanaotamani kununua motokaa kubwa ya fahari, kwa maana bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama zake.

Kwanza, thamani ya motokaa hupungua. Chukua mfano wa motokaa mbili: moja ya fahari ya shilingi 6,000,000, na nyingine ya kawaida ya shilingi 1,500,000. Ikiwa kila moja yapungua thamani kwa 15 kwa mia katika mwaka wa kwanza, ile ya fahari itapoteza shilingi 900,000, na ya kawaida shilingi 225,000. Bima kamili ikiwa ni 4 kwa mia ya thamani, ya kwanza itadai shilingi 240,000, na ya pili 60,000. Basi motokaa ya fahari hula shilingi 95,000 kila mwezi, na ya kawaida 23,750, hata kabla ya kutiwa petroli. Tofauti yake kwa mwaka ni shilingi 855,000, fedha ambazo zingeweza kulipa karo za watoto au kununua ng'ombe wa maziwa.

Pili, iko petroli. Motokaa iendayo kilomita 7 kwa lita moja, ikisafiri kilomita 14,000 kwa mwaka, hutumia lita 2,000. Iendayo kilomita 14 kwa lita hutumia 1,000 tu.

Tatu, yako matengenezo. Magari mengi ya fahari huletwa Kenya yakiwa yamekwisha kutumika Japani au Uingereza. Sheria huruhusu yale yasiyozidi miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mengi hufika dhamana ya kiwanda imekwisha, na vipuri vimekaribia kuchakaa. Vipuri hivyo ni ghali, wala si kila fundi awezaye kuvitia.

Nne, uko mkopo. Mkopeshaji huandikwa jina lake katika hati ya motokaa mpaka deni limalizike. Mkopaji akishindwa kulipa, motokaa hutwaliwa na kuuzwa, na bei ya mnada isipotosha, hubaki akidaiwa ilhali motokaa hana.

Haya yote si kusema kwamba motokaa ya fahari haimfai mtu yeyote. Raha ya safari na usalama wa watoto ni mambo yenye thamani. Mwenye fedha zinazobaki baada ya karo, chakula, matibabu na akiba, aweza kuinunua bila hofu. Kadhalika mwenye kazi ya kukodisha magari kwa harusi aweza kuirudishia gharama zake.

Kwa walio na shaka, iko njia rahisi ya kupima. Kwa muda wa miezi 6, mume na mke waweke benki kila mwezi fedha zote ambazo motokaa hiyo ingezidai: malipo ya mkopo, bima, petroli na matengenezo. Ikiwa karo zimelipwa kwa wakati na hakuna aliyekwenda kukopa dukani, nyumba hiyo yaimudu. Ikiwa fedha hizo zimelazimika kutolewa kabla ya miezi 6 kwisha, jibu limekwisha kupatikana, na akiba iliyobaki bado ni yao.